Serikali inanunua mahindi na kuyafungia ghalani. Yanaliwa na nani?

MamaMashine_Dom aliuliza:

Habari za jioni wana jukwaa. Naomba kueleweshwa na wanaojua. Siasa tuziweke pembeni kidogo.

Nina mashine ya kusaga na kukoboa hapa Dodoma. Ni mashine ya mtaani tu: mama anakuja na debe lake, namsagia, nachukua changu, anaondoka. Pembeni nanunua mahindi mwenyewe, nakoboa, nafunga sembe kwenye viroba vya kilo 5 na kilo 10. Kila mwaka hadithi ni ile ile. Mwezi wa saba na wa nane malori yanamwaga mahindi soko la Kibaigwa, bei unaongea na mtu mkaelewana. Ikifika Januari kila nikirudi sokoni nakuta bei nyingine, na wateja wananuna kana kwamba bei naipanga mimi jikoni kwangu.

Sasa, muda wote huo ukipita Kizota unaviona vihenge vya NFRA, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, vimesimama. Serikali imenunua msimu mzima, tumesikia redioni. Kama mahindi yapo, kwa nini yasitoke bei inapoanza tu kupanda? Mpaka watu walie kwanza? Na kama ile ni akiba ya Watanzania, ilikuwaje mwaka 2024 tukasikia tani 650,000 zinauzwa Zambia?

Jirani yangu anayeuza mkaa ananiambia mle ndani hamna kitu, ni mabati yanayong'aa tu. Sipendi kubeba maneno ya kijiweni. Mtu aliyewahi kushika funguo za ghala la nafaka anijibu.

Kijana_wa_Vingunguti alijibu:

Dada swali zuri, jibu fupi: panya wanakula, wakubwa wanakula, wewe unasikiliza redio. Ngoja waje wajuzi na takwimu zao, mimi nimeshachemsha chai.

MzeeBambo alijibu:

Binti yangu, salaam, na wewe kijana wa chai pia.

Hilo jina langu ni la kazi. Bambo ni ule mkuki wa bati wenye mfereji tunaochomea gunia ili tutoe punje za katikati bila kulifungua. Niliushika kwanza NMC, Shirika la Taifa la Usagishaji, mwanzoni mwa miaka ya themanini, halafu maghala ya watu binafsi Makambako na Songea, mpaka magoti yalipokataa ngazi. NFRA sijawahi kuajiriwa, kwa hiyo siwasemei. Lakini gunia ni gunia, halijui mwenye ghala ni nani.

Nianze na muuza mkaa. Mahindi yamo. Ila si mengi kama unavyofikiri ukiangalia urefu wa kile chuma. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ulianza mwaka 2008, ukarithi kazi ya ile Hifadhi ya Taifa ya Nafaka iliyokuwepo kabla yake. Kwa miaka mingi maghala yake yote nchi nzima yaliweza kubeba tani 251,000. Ndipo ukaja mkopo wa Poland, dola milioni 55, wa vihenge vya chuma na maghala mapya: Dodoma hapo kwako, Babati, Shinyanga, Makambako, Songea, Mbozi, Sumbawanga na Mpanda. Lengo la mradi lilikuwa kufikisha tani 501,000.

Chukua kalamu. Sensa ya 2022 ilitukuta milioni 61.7. Gawanya tani hizo laki tano kwa watu hao, kila mmoja anapata kilo nane. Mtu mzima anayekula gramu 300 za unga kwa siku anazimaliza kabla mwezi haujaandama mwingine, na hapo sijatoa pumba. Wewe mwenye mashine unajua ukikoboa unapoteza kiasi gani. Kwa hiyo hata vihenge vyote vikijaa mpaka kofia, nchi haiwezi kula humo. Akiba ile ina kazi mbili tu: kupeleka chakula wilaya fulani iliyokauka, na kumtisha mfanyabiashara aliyefungia magunia akisubiri bei ipae. Ya kwanza inapita kwa maombi ya mikoa na Idara ya Menejimenti ya Maafa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Ya pili ndiyo uliyoiuliza.

Kwa nini wasifungue bei ikianza kupanda? Kwa sababu bei ya mahindi lazima ipande kati ya Agosti na Februari. Mtu ananunua, analipa ghala, analipa dawa, hela yake imelala miezi sita, na punje zinapungua uzito. Asipopata kitu juu ya bei ya mavuno hatatunza. Sasa serikali ikianza kuuza Novemba kwa bei ya Julai, mwakani hakuna mkulima wala mfanyabiashara atakayehifadhi hata gunia moja. Wote watamwaga mavuno sokoni siku moja, mkulima atalia, na kufika Desemba mwenye mahindi nchini atakuwa serikali peke yake. Hayo si ya kufikirika. Enzi zetu NMC ilikuwa inanunua kwa bei moja nchi nzima. Mtu wa Sumbawanga na mtu wa Morogoro bei ile ile, na mafuta ya lori kutoka Sumbawanga tunalipa sisi. Haki ilikuwepo, hela haikuwepo. Shirika likazama kwenye madeni na sisi tukabaki na maghala yenye mwangwi.

Sasa la kufungia. Watu wanadhani ukishaweka mahindi ghalani umemaliza. Ndiyo kwanza yameanza kukufa. Siku ya kupokea, lori linasimama, unachoma bambo kwenye magunia ya pembeni na ya katikati, hasa ya katikati maana huko ndiko mtu anakoficha mabovu. Unatia kipimo cha unyevu. Kikisoma zaidi ya asilimia 13.5, lori linarudi juani. Zamani kabla ya vipimo tulikuwa tunang'ata: punje kavu inapasuka kwa mlio, mbichi inabonyea kwenye jino. Kisha chekeche, kutoa vumbi, vipande na mawe. Kisha unapanga juu ya chaga za mbao, si sakafuni, na unaacha njia ya mtu kupita kati ya rundo na ukuta pande zote. Ghala ambalo magunia yameegemea ukuta ujue mtunza ghala ni mvivu.

Halafu dawa. Unafunika rundo zima kwa turubai lisilopitisha hewa, pembeni unakandamiza na mifuko mirefu ya mchanga, ndani umeshaweka vidonge vya fosfini. Wiki nzima hakuna kufunua. Ile gesi ina harufu kama kitunguu saumu kilichooza, na ukiisikia umekaa sana, toka. Ikiisha kazi unafunua, unapitisha hewa, na miezi michache baadaye unarudia, kwa sababu dumuzi harudi nyuma. Huyo mdudu asili yake Amerika ya Kati. Hapa kwetu alionekana kwanza Tabora mwanzoni mwa miaka ya themanini, na wakulima wakamwita Skania, kama lile lori, kwa jinsi anavyobeba shehena. Fukusi wa kienyeji anatoboa punje. Skania anakuachia unga mtupu na gunia limesimama vile vile, ukiligusa linaporomoka.

Vihenge vya chuma vimerahisisha: kuna nyaya za kupimia joto zimening'inia ndani na feni za kupuliza. Lakini navyo vina ugonjwa wao. Mchana bati linachemka, usiku wa Dodoma au Babati baridi, jasho linajikusanya chini ya paa na kudondokea tabaka la juu. Nililiona hilo kwenye ghala moja la chuma, silitaji. Juu kabisa kulikuwa na ukoko wa mahindi yaliyoota na kushikana, unaweza kusimama juu yake. Chini yake mazima. Tulikata kwa majembe.

Ndiyo maana akiba haikai. Mwaka wa kwanza mahindi mazuri, wa pili sawa ukiwa makini, wa tatu unga unaanza kunuka na mteja wako atakurudishia kiroba. Lazima ya zamani yatoke kabla mapya hayajaingia. Yanatoka kwa msaada wa njaa, kwa wasagishaji, kwa magereza, kwa WFP, Mpango wa Chakula Duniani, ambao wamewahi kununua mara kadhaa, na kwa majirani. Mwaka 2024 ukame wa El Niño uliichoma Zambia mpaka Rais Hichilema akautangaza kuwa janga la taifa mwezi wa pili, wakati sisi tulikuwa na mavuno. Kuuza mwaka huo kulikuwa na akili. Ukisubiri Zambia nao wavune, utamuuzia nani?

Kinachonikera ni kitu kingine, nitakisema nikipumzisha macho.

Mkulima_Laela alijibu:

Shikamoo mzee. Umeongea vizuri ila umeongea kama mtu wa ghalani. Ngoja mtu wa shambani aongee.

Mimi ni wa Rukwa. Mwaka 2017 tulivuna hadi tukakosa pa kuweka. Juni mwaka huo, kwenye baraza la Idd kule Kilimanjaro, Waziri Mkuu akapiga marufuku mahindi kwenda nje. Sababu ikawa hiyo hiyo, usalama wa chakula. Huku kwetu mteja wetu mkubwa ni anayevuka mpaka. Mahindi yaligeuka mzigo. Watu walikuwa wanauza gunia wakalipie ada, wanarudi na hela isiyofika hata nusu ya ada. Mbolea peke yake ilikuwa imeshakula zaidi ya bei niliyopewa. Msimu uliofuata nikapunguza ekari, na sikuwa peke yangu. Kwa hiyo ukitaka kujua upungufu unazaliwa wapi, wakati mwingine unazaliwa siku ya kuuzuia.

Kuhusu NFRA kununua: bei yao ikitangazwa inasaidia hata sisi tusiowauzia. Dalali aliyekuwa ananitajia bei ya kitoto anaongeza siku ile ile, kwa sababu anajua nina pa kukimbilia. Lakini kituo kikiwa mbali, pikipiki haibebi magunia thelathini. Lori nakodi, chekeche nakodi, watu wa kupakia nalipa, na sina uhakika kama fedha za msimu bado zipo au zimeisha. Dalali anakuja mlangoni na hela mkononi. Anapima kwa lumbesa, gunia limevimba kichwani utadhani limefunga kilemba, sheria ya vipimo inakataza, nami najua inakataza, na namuuzia. Mtoto anatakiwa shule Jumatatu.

Kwa hiyo dada wa Dodoma, unaposema Julai "mkaelewana", ujue upande wa pili wa maelewano nilikuwepo mimi.

MamaMashine_Dom alijibu:

Mkulima, pole kaka yangu, na nimekusikia. Mimi mwenyewe sipendi lumbesa, maana nikifika mjini nauziwa kwa kilo.

Mzee shikamoo. Nimesoma mara mbili. Nakubali kwamba wasiuze Novemba. Lakini mwishoni mwa 2022 kuingia 2023 gunia la kilo 100 lilipita laki moja, sembe ikawa chakula cha anasa, watu wangu wa debe wakawa wanakuja na sado moja. Ndiyo baadaye tukaona NFRA wanauza mahindi wilayani kwa bei ya chini kuliko sokoni. Foleni ilikuwa ndefu na nilishukuru. Swali langu: nani aliamua kwamba siku ile ndiyo siku, na si mwezi mmoja na nusu kabla? Mimi niliyekuwa nimeshanunua mzigo wa bei ya juu nilibaki nao. Ningejua wanafungua, nisingenunua.

MzeeBambo alijibu:

Marahaba wote wawili.

Binti umegusa pale pale panaponikera, na mkulima naye kagusa pale pale bila kujua. Yeye analia na tangazo la kufunga mpaka, wewe unalia na tangazo la kufungua ghala. Yote mawili yalikuja kwa kustukiza. Hakuna aliyekuwa na namna ya kujua kabla.

Mahindi yapo, maghala yapo, wataalamu wa nafaka wapo. Kinachokosekana ni kanuni iliyoandikwa na kubandikwa ukutani kabla ya msimu: bei ya jumla Kibaigwa, au Tandale, au soko lolote watakalochagua, ikigusa kiwango hiki, milango inafunguka na tutauza tani hizi kwa bei hii. Ikishuka chini ya hiki wakati wa mavuno, tunaingia kununua mpaka tani hizi. Basi. Mwenye mashine akisoma anajua anunue lini. Mwenye kufungia magunia akisoma anajua mwisho wa tamaa yake uko wapi, na pengine anauza mapema bila serikali kutoa hata punje. Mkulima anajua dari liko wapi na sakafu iko wapi kabla hajanunua mbolea. Siku hizi kila kitu kinasubiri mtu apande jukwaani. Akiwa mtu mwema anatangaza jambo jema, sina ugomvi. Lakini mfanyabiashara mwenye simu ya mtu aliye karibu na jukwaa anajua jana yake, wewe unajua kesho yake.

Watu wa bajeti watasema kanuni ya namna hiyo inafunga mikono ya serikali. Ndiyo, nataka ifungwe, kwa jambo hili.

Msinielewe kwamba naona akiba ni kitu cha kuchezea. Kuna waliowahi kushawishiwa kwamba ghala kubwa ni hasara. Malawi, mwaka 2001. IMF na wafadhili waliwaambia akiba yao ni kubwa mno, ina gharama, ipunguzwe. Hoja haikuwa ya kijinga, mahindi yalikuwa ya zamani na madeni yalikuwa yanakula riba. Wakauza karibu yote. Msimu huo mafuriko yalikuwa yameharibu mashamba, na makadirio ya mavuno yalikuwa yamekuzwa kwa kuhesabu mihogo na viazi kwa wingi usiokuwepo. Mwanzoni mwa 2002 ghala tupu, bei juu, watu wakafa. Hapo ndipo ule usemi wa "kuweka akiba ni kupoteza hela" hukatika. Tena si uwingi wa tani uliokosekana peke yake. Taarifa za uongo kuhusu shamba ziliwafanya wafungue mlango wakati wa kuufunga.

Nasi yametupata. Ninyi vijana hamjui unga wa yanga. Ukame wa 1973 mpaka 1975 nchi ilinunua nafaka nje kwa fedha za kigeni ambazo hatukuwa nazo, na tukaletewa mahindi ya njano kutoka Marekani. Yalirudi tena miaka ya themanini, ndipo mimi nikayabeba. Ugali wake rangi ya jezi ya Yanga, ndiyo jina likatoka hapo. Wazee wa Simba walikuwa wanaula kwa kununa. Tulipokuwa tunapakua yale magunia tulijua kitu kimoja: nafaka ya kuagizwa inafika miezi baada ya njaa. Unaagiza, unatafuta dola, unasubiri meli, unasubiri gati, unasubiri reli. Ya kwenye ghala la Shinyanga inafika kesho kutwa. Ndiyo bei unayolipia unaponunua dawa na chaga kila mwaka hata kama njaa haijaja.

Msee_wa_Kitale alijibu:

Hamjambo majirani. Niwaambie ya huku Kenya, mjue hamko pekee.

Sisi tuko na NCPB, bodi yetu ya nafaka, tuko na magunia ya kilo 90, na tuko na hadithi yenu yote. Mwaka 2017 unga wa pakiti ya kilo mbili ulikuwa umepita shilingi 150, na uchaguzi ulikuwa Agosti. Akiba ya taifa kwenye karatasi ilikuwepo, ghalani ilikuwa imeisha. Mei meli ya mahindi meupe kutoka Mexico ikatia nanga Mombasa, serikali ikaweka ruzuku, pakiti ikawa shilingi 90. Bei tamu. Shida ni kuiona. Duka karibu na kwangu pakiti zilikuwa zinafika asubuhi, saa nne zimeisha, na kila mtu anapewa moja au mbili. Mama wa kibanda anayepima kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, hakuonja hiyo ruzuku hata siku moja, na maskini wengi hununua kwa gorogoro, si pakiti.

Sisi wakulima wa North Rift nasi tukaumia upande wa pili. Mahindi ya nje yaliendelea kuingia mpaka tukawa tunavuna, bei ikaanguka, na mwaka 2018 ikawa kelele bungeni kwamba kuna wafanyabiashara walioleta mahindi na kulipwa kama wakulima huku wakulima wenyewe wakingoja. Kesi zilifika kortini.

Kwa hivyo mzee, hiyo kanuni yako ya ukutani naipenda, lakini ongeza moja: orodha ya waliouzia ghala ibandikwe hapo hapo, jina na idadi ya magunia. Huku kijijini tunajuana. Mtu ambaye hana hata nusu ekari akionekana ameuza magunia elfu tatu, tutacheka kwa sauti kubwa.

Na ile ya Machi 2021 tulipowafungia mpaka kwa ajili ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu, mimi sikuwa waziri, msinitukane.

Kijana_wa_Vingunguti alijibu:

Chai imepoa. Mzee nimesoma yote, hili la kanuni ukutani sijawahi kulisikia kwa mwanasiasa yeyote. Lakini sumukuvu si ndiyo ile iliyoua watu Dodoma? Je, mahindi ya akiba yanapimwa?

MzeeBambo alijibu:

Ndiyo, mwaka 2016, Dodoma na Manyara, vijiji vya Chemba, Kondoa na Kiteto huko. Watu walikufa kwa ini. Yale yalikuwa mahindi ya majumbani, yaliyovunwa na kuwekwa yakiwa na unyevu. Ukungu unaoleta sumukuvu unaanzia shambani na kuongezeka kwenye uhifadhi, na sumu yenyewe huioni, huinusi, haiishi kwa kupika. Kukoboa kunaipunguza kwa sababu sehemu kubwa inakwenda na pumba na kiini, ndiyo maana dona la mahindi mabovu ni hatari kuliko sembe yake, na pumba hizo ukimpa ng'ombe wa maziwa nayo ni hadithi nyingine. Ghala la maana linapima. Kipimo kipo, ni suala la kukitumia kwa kila mzigo na si kwa mzigo wa siku ya wageni.

Msee wa Kitale, orodha ukutani nimeikubali.

MamaMashine_Dom alijibu:

Asanteni sana wote, nimepata zaidi ya nilichouliza. Sasa mzee la mwisho, la kwangu binafsi. Maadam kanuni ya ukutani haipo na sina mtu karibu na jukwaa, nafikiria msimu huu ninunue yangu mwenyewe ya kunifikisha Machi. Nina chumba cha tofali, sakafu ya saruji, bati juu. Nifanyeje nisije nikamlisha Skania? Mtu ameniambia nitafute vile vidonge.

MzeeBambo alijibu:

Vidonge acha kabisa. Chumba chako kimeungana na nyumba, gesi inapita chini ya mlango na kwenye dari, na kuna familia zilizolala zisiamke kwa sababu baba aliweka kidonge kwenye gunia chumbani. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye kifaa cha kuzuia gesi na ghala lisilolala watu. Ukikuta duka wanakiuza kimojakimoja kwenye kipande cha karatasi, toka.

Nunua ile mifuko ya tabaka tatu, wanaiita PICS, wengine kinga njaa. Ndani mifuko miwili ya plastiki, nje kiroba. Haina dawa. Wadudu wanamaliza hewa iliyomo, wanakufa. Lakini mahindi lazima yawe makavu kweli. Huna kipimo? Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi robo, tia chumvi kavu kijiko kimoja au viwili, tikisa dakika kadhaa, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha juani, juu ya turubai na si kwenye udongo. Ikianguka chini yote, jaza. Kamua hewa, funga mfuko wa ndani peke yake, wa pili peke yake, kiroba mwisho. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta, na usifungue kuangalia kila wiki kwa udadisi. Tafuta paka, maana panya akitoboa plastiki umerudi mwanzo.

MamaMashine_Dom alijibu:

Paka ninaye, mvivu lakini yupo. Ninunue yote sasa hivi au nisubiri?

MzeeBambo alijibu:

Nusu sasa, nusu mwisho wa Agosti, mzigo wa kusini ukiwa umekauka zaidi. Na muulize huyo ndugu wa Laela kama yeye na wenzake wanaweza kukupakilia lori moja kwa kilo, bila dalali na bila kilemba. Mko jukwaa moja, mtumiane ujumbe.

Mkulima_Laela alijibu:

Nipo dada. Mizani ya kwangu ina muhuri wa Wakala wa Vipimo. Nimekutumia ujumbe.